Mabinti wa Nile na watoto wa wodini

Mwezi Septemba mwaka 1922, mtoto wa kike mwenye mguu uliopinda tangu kuzaliwa alilazwa katika hospitali mpya mjini Shreveport, jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani. Alikuwa amejifunza kutembea kwa kukanyagia mgongo wa mguu badala ya unyayo. Ndiye mgonjwa wa kwanza wa Hospitali za Shriners, mtandao wa hospitali za watoto ambao kwa karibu miaka 90 haukumtoza mzazi yeyote hata senti moja.

Historia ya hospitali hizo kwa kawaida husimuliwa kwa majina ya wanaume walioziasisi na kuzichangia. Hata hivyo, nguo aliyovaa mtoto wodini, shuka aliyojifunika, mwanasesere aliyelala naye na mara nyingi hata mgeni aliyekaa kando ya kitanda chake, vilitoka kwa wanawake na wasichana ambao kanuni za wanaume hao hazikuwaruhusu kuwa wanachama.

Wanaume wenye tarbushi

Shriners ni chama cha kidugu kilichoanzishwa mjini New York mwaka 1872 na daktari Walter Fleming na mwigizaji William Florence. Wanachama wake ni lazima wawe Frimasoni kwanza. Waasisi hao walitaka mahali pa kustarehe na kucheka, mbali na uzito wa vikao vya Kifrimasoni, na wakajichagulia mapambo ya Kiarabu: tarbushi nyekundu yenye kishada, picha za ngamia na piramidi, na majina ya mahekalu kama Al Malaikah na Medinah. Msomaji wa Unguja au Lamu, aliyeiona tarbushi katika picha za mababu zake, huenda akashangaa kuiona juu ya kichwa cha mfanyabiashara wa Chicago akiendesha kigari kidogo kwenye gwaride. Uislamu haukuhusika kwa lolote. Yalikuwa maigizo, kwa namna ambayo Wamarekani wa karne ya 19 waliifikiria Mashariki.

Neno Frimasoni nalo lina mzigo wake Afrika Mashariki, ambako limezungukwa na uvumi wa kafara na utajiri wa ghafla. Marehemu Andy Chande wa Tanzania, aliyewahi kuwa kiongozi wa Frimasoni katika Afrika Mashariki, alijitokeza hadharani mara nyingi kuukanusha uvumi huo. Nchini Marekani hali ni tofauti: jengo la Frimasoni lina kibao mlangoni, na wanachama wake hujulikana kwa majirani kama wanavyojulikana washiriki wa kanisa au wa timu ya mpira.

Wazo la hospitali lilipitishwa katika mkutano mkuu wa Shriners mjini Portland, jimbo la Oregon, mwaka 1920, likipiganiwa na Freeland Kendrick wa Philadelphia. Kila mwanachama angetoa dola 2 kwa mwaka. Miaka hiyo polio ilikuwa ikiwapooza watoto kwa maelfu, na upasuaji wa mifupa na viungo ulikuwa ghali kupita uwezo wa mkulima au kibarua. Baada ya Shreveport zilifuata Honolulu na San Francisco mwaka 1923, Portland mwaka 1924 na Montreal nchini Kanada mwaka 1925.

Sindano na uzi

Mwaka 1913, kabla ya kuwapo hospitali hata moja, wanawake 22 walikutana mjini Seattle, jimbo la Washington, na kuunda chama chao wenyewe. Walikiita Daughters of the Nile, yaani Mabinti wa Nile. Wanachama wake walikuwa wake, mama, dada na binti za Shriners. Nao walichukua taswira zao kutoka Misri ya kale: tawi linaitwa hekalu, na kiongozi wake anaitwa Malkia.

Vyeo vya namna hiyo si kigeni sana kwa Waswahili. Vyama vya lelemama vya Mombasa vilikuwa na viongozi wenye vyeo na wanachama wenye sare, na chini ya ngoma na mashindano mlikuwa na kazi ya kuchangiana katika harusi na misiba. Kwa Mabinti wa Nile, msaada kwa hospitali ulianza rasmi mwaka 1924 na haujakatika tangu wakati huo.

Ili kuielewa kazi yao, ni lazima kuikumbuka wodi ya wakati ule. Mtoto aliyenyooshwa mguu au uti wa mgongo alikaa hospitali kwa miezi, pengine zaidi ya mwaka, akiwa amefungwa plasta. Hospitali nyingi za zama hizo ziliwaruhusu wazazi kuwaona watoto wao kwa saa chache tu kwa wiki, na wengi waliishi mashambani, mbali mno kuweza kwenda na kurudi. Mtoto wa miaka minne angeweza kurudi nyumbani akiwa amemsahau ndugu yake mdogo.

Pengo hilo ndilo ambalo kina mama walijaribu kulipunguza. Walikutana mchana katika vikundi vya ushonaji, cherehani zikiwa zimepangwa kwenye meza ndefu, wakashona nguo za kulalia, gauni na mashuka ya viraka. Nguo za dukani hazikufaa: suruali haipiti juu ya plasta iliyofika nyonga, na shati halivaliki na mtoto ambaye mkono wake umefungwa kifuani. Ilibidi nguo ifunguliwe ubavuni na kufungwa kwa kamba, na kila ulemavu ulidai kipimo chake. Ujuzi huu haukuandikwa katika vitabu vya tiba, lakini muuguzi aliyepaswa kuwavisha watoto 20 kila asubuhi aliujua thamani yake.

Mwanasesere wa kitambaa naye ana kazi yake. Katika hospitali za watoto nchini Marekani hutumika wanasesere weupe wasio na sura, walioshonwa na watu wa kujitolea. Mtoto humchorea wake macho na mdomo, na kabla ya upasuaji mhudumu humwonyesha juu ya mwanasesere huyo mahali patakapokatwa, sindano itakapoingia na bandeji itakapofungwa. Mtoto asiyeweza kueleza hofu yake kwa maneno mara nyingi huieleza kwa kusema kwamba mwanasesere anaogopa.

Wasichana

Vyama vya wasichana vilizaliwa karibu wakati mmoja na hospitali. Mwaka 1920, mjini Omaha, jimbo la Nebraska, Ethel T. Wead Mick alianzisha Job's Daughters, Binti za Ayubu, akilichukua jina kutoka katika kitabu cha Ayubu, ambamo binti watatu wa mtu huyo mwenye subira walipewa urithi pamoja na ndugu zao wa kiume. Mwaka 1922, mjini McAlester, jimbo la Oklahoma, mchungaji William Mark Sexson alianzisha chama cha Rainbow, yaani Upinde wa Mvua. Vyote viwili hupokea wasichana kuanzia wakiwa na miaka 10 au 11 hivi hadi 20.

Msichana wa miaka 12 hujifunza humo kusimama mbele ya watu, kuongoza kikao na kutunza hesabu, na kila kundi hutakiwa kuwa na kazi ya huruma. Baadhi yake ni ndogo kabisa. Katika miji mingi wasichana hukusanya vile vipete vya alumini vinavyovutwa kufungua kopo la soda. Huuzwa kama chuma chakavu kwa uzito, na fedha hupelekwa hospitali. Kilo moja haileti fedha nyingi, na pengine faida kubwa zaidi ni kwamba mtoto asiye na kipato chake mwenyewe anapata kitu cha kutoa. Binti za Ayubu wana pia mfuko wao wa kuwanunulia vifaa vya kusikia watoto wasiosikia vizuri, ambao wazazi wao hawawezi kuvimudu.

Katika udugu huu kulikuwa na mlango uliofungwa. Kwa miongo mingi vyama hivi vilikuwa vya Wazungu watupu. Wamarekani Weusi walianzisha Shriners wao mjini Chicago mwaka 1893, na wanawake wao wakaunda chama chao, Daughters of Isis, mwaka 1910. Shriners Wazungu walikwenda mahakamani kuwazuia kutumia jina na mavazi hayo; kesi ilifika Mahakama Kuu ya Marekani, na mwaka 1929 Weusi wakashinda. Hata mwaka 1976, kukubaliwa kwa msichana mmoja mwenye asili ya Kiafrika katika kundi la Rainbow jimboni Iowa kulizusha mgogoro uliofika ngazi ya taifa. Wema uliofanyika wodini haufuti habari hizo, na watafiti wa vyama vya kidugu wamezidi kuziandika.

Mabadiliko

Chanjo ya polio iliyoidhinishwa mwaka 1955 ilibadili kila kitu. Katika miaka ya 1960 Shriners walijenga hospitali za majeraha ya moto huko Galveston, Cincinnati na Boston. Upasuaji uliomlaza mtoto mwaka mzima sasa unamlaza siku chache. Kwa sababu hiyo kazi ya kina mama imehamia kwingine: nauli na malazi ya familia zinazotoka mbali, vitabu, vifaa vya michezo, na mashuka ya viraka ambayo mtoto huondoka nayo. Kanuni za kujikinga na maambukizi na za ulinzi wa watoto zimefanya iwe vigumu kuingia wodini bila mafunzo na ukaguzi, na wasichana wengi huishia kukabidhi zawadi zao mapokezi.

Mwaka 2009, baada ya masoko ya fedha kuporomoka, mfuko wa akiba wa hospitali ulipungua kwa mabilioni ya dola. Lilitolewa pendekezo la kufunga hospitali 6 kati ya 22, ikiwamo ile ya kwanza ya Shreveport. Wajumbe waliokutana San Antonio walilikataa, lakini kuanzia mwaka 2011 hospitali zilianza kuzidai kampuni za bima za wagonjwa wenye bima. Mtoto ambaye familia yake haiwezi kulipa bado anapokewa, na mzazi hahitaji kuwa na uhusiano wowote na Frimasoni.

Shriners, waliokuwa zaidi ya 900,000 mwishoni mwa miaka ya 1970, leo hawafiki nusu ya idadi hiyo, na vyama vya wanawake vimepungua pamoja nao. Mabinti wa Nile wamepanua masharti ya kujiunga. Zamani ilikuwa lazima mwanamke awe na mume, baba au ndugu mwenye tarbushi. Sasa anaweza kupokewa pia kwa sababu aliwahi, utotoni, kulazwa katika mojawapo ya hospitali hizo.