Mizani ya Siku: Jembe, Utungo na Utafiti katika Pwani ya Kilwa

Neno mizani lina kazi mbili katika Kiswahili. Kwa mfanyabiashara ni chombo cha kupimia uzito. Kwa mshairi ni hesabu ya silabi katika mshororo. Historia ya Somanga, kijiji cha pwani kaskazini ya Kilwa Kivinje, inatupa maana ya tatu: namna mtu anavyoigawa siku yake baina ya kazi ya tumbo, wimbo na kutafuta habari za waliomtangulia.

Mwaka 1905 mgawanyo huo ulikuwa umevunjwa kwa nguvu. Utawala wa Kijerumani uliwalazimisha wakulima wa Umatumbi kulima pamba, na kila siku iliyotumika katika shamba la pamba iliporwa kutoka shamba la chakula. Mwezi wa Julai, huko Nandete, Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela waling'oa mashina ya kwanza ya pamba. Kabla ya mwezi wa Agosti kushika kasi, wapiganaji walikwisha kuteremka pwani na kuichoma Somanga, ambayo vitabu vingi vya historia huiandika Samanga. Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyeeneza imani ya maji, alinyongwa Mohoro. Vita vya Maji Maji vilianza, basi, kama ugomvi juu ya nani mwenye siku ya mkulima.

Mshairi alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuihifadhi habari hiyo. Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, uliochapishwa mwaka 1933 na tena mwaka 1957. Bahari ya utenzi iliifaa kazi hiyo. Ubeti una mishororo minne mifupi, aghalabu ya mizani 8, na kina cha mshororo wa nne hakibadiliki toka mwanzo hadi tamati. Utenzi hughaniwa kwa mahadhi. Sikio likishayazoea, ulimi hubeba tarikhi ndefu pasipo kitabu. Hata aliyeshinda baharini au kondeni aliweza kuipokea jioni, kwa sababu ilimjia kwa sauti.

Hata hivyo, jicho la mtunzi wa mjini si jicho la mkulima wa milimani. Kauli ya mkulima ilisubiri hadi mwaka 1968, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipokwenda vijijini kuwahoji wazee. Mwaka huohuo G. C. K. Gwassa na John Iliffe walichapisha kumbukumbu za vita hivyo. Kutokana na masimulizi ya wazee tumepata maneno ya Kimatumbi kama njwiywila, mnong'ono wa siri uliopitisha habari za maji, na likinda, mazoezi ya wapiganaji. Neno moja la namna hiyo lina thamani ya kurasa nyingi za ripoti.

Mwaka 1969 Ebrahim Hussein, aliyezaliwa katika pwani hiyohiyo ya kusini mwaka 1943, alichapisha tamthilia ya Kinjeketile. Aliisoma historia, kisha akatahadharisha kwamba shujaa wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu, si nakala ya mtu wa Ngarambe. Irabu mbili tu zinawatenganisha Kinjikitile na Kinjeketile, lakini ndizo mpaka wa utafiti na sanaa. Hussein aliendelea na yote mawili: alitunga, na mwaka 1975 alikamilisha tasnifu ya udaktari kuhusu maendeleo ya tamthilia katika Afrika Mashariki.

Mshairi wa leo hulalamika kwamba ajira humnyima wasaa wa kutunga, na utunzi humnyima wasaa wa kuchunguza. Malalamiko hayo yana haki. Lakini katika pwani ya Kilwa jembe ndilo lililozaa habari, wimbo ukaibeba, na utafiti ukaipima. Wazee waliohojiwa mwaka 1968 hawapo tena. Yaliyosalia vinywani mwa wajukuu wao yatapatikana kwa mtunzi atakayekubali kuuliza kabla ya kuhesabu silabi.