Ningu wa Simiyu na Trauti wa Wazungu

Ndugu Mhariri ameniomba niandike juu ya historia ya uvuvi wa mitoni, kwa kuwa nilitumikia idara ya uvuvi miaka mingi kabla ya kustaafu. Nimekubali kwa furaha, maana vijana wanaosoma sasa pale Buswelu wanamjua sangara, sato na dagaa, lakini ukiwatajia ningu wanadhani ni jina la kijiji huko Magu. Wenzangu wa zamani watanivumilia nikianzia mbali kidogo, huko Uskoti.

Yupo samaki aitwaye trauti. Asili yake ni mito ya baridi ya Ulaya. Hupenda maji yaendayo mbio juu ya changarawe, yenye hewa nyingi, na joto likipita kama nyuzi 20 za Selsiasi huanza kutaabika. Tulifundishwa darasani kwamba Ulaya yako majira ya kupukutika majani, nasi tuliyaita vuli kwa kukosa neno lingine. Basi, katika vuli hiyo ya Wazungu, kuanzia mwezi wa Oktoba, trauti wa kahawia hupanda mto kuelekea vijito vya juu. Huko jike huchimba shimo katika changarawe kwa kupigapiga mkia, akataga mayai na kuyafukia. Ndiyo maana sheria ya Uskoti hufunga uvuvi wake tarehe 6 Oktoba mpaka katikati ya Machi. Naomba msomaji aikumbuke tarehe hiyo.

Waungwana wa huko humvua trauti kwa ustadi wa namna yake. Hawatumii mnyoo. Huchukua ndoana ndogo, wakaifunga manyoya ya shingo ya jogoo kwa uzi wa hariri mpaka ikafanana na mdudu wa majini. Mdudu huyo wa bandia hana uzito hata kidogo, kwa hiyo hawezi kurushwa kama turushavyo sisi ndoana yenye jiwe. Uzito umo katika mshipi wenyewe, ambao ni mnene. Mvuvi huupeperusha mbele na nyuma kwa ufito mrefu unaopindika, kisha huulaza juu ya maji taratibu ili mdudu atue kama aliyeanguka kutoka mtini. Nilipata kumwona mvuvi wa aina hiyo Mufindi, kando ya bwawa katikati ya mashamba ya chai, asubuhi yenye ukungu. Kwa saa mbili nzima hakupata kitu, naye akaondoka anacheka! Kwa mtu aliyezaliwa kandokando ya Ziwa Viktoria, ambako mtu huenda ziwani kutafuta mboga na ada ya shule, jambo hilo lilinishangaza sana.

Trauti alifikaje Afrika Mashariki? Aliletwa akiwa yai. Mapema kabisa, mwaka 1864, Waingereza walifaulu kupeleka mayai ya trauti mpaka Tasmania kwa meli, wakiyahifadhi katika kuvumwani mbichi na barafu ili yasianguliwe njiani. Kwa maarifa hayo samaki huyu akasambazwa kila mahali bendera yao ilikofika penye mlima na baridi. Mwaka 1905 mlowezi Ewart Grogan, yule aliyepata sifa kwa safari yake ya kutoka Rasi mpaka Kairo, alileta mayai ya trauti wa Loch Leven na kuwapandikiza katika mto Gura, kwenye milima ya Aberdare nchini Kenya. Mwaka 1910 akafuata trauti wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni Amerika ya Kaskazini, akitokea Afrika ya Kusini. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilijenga kituo cha kuangua trauti huko Kiganjo. Hata Sagana Lodge, nyumba ambamo Elizabeth aliambiwa mwezi Februari 1952 kwamba baba yake amefariki na yeye sasa ni Malkia, ipo katika nchi hiyo hiyo ya mito ya trauti.

Kwetu Tanganyika trauti aliletwa mwaka 1927 kutoka Uskoti, ili apandwe katika mito ya kaskazini na ya nyanda za juu kusini kwa ajili ya mchezo. Mwanza hakuletwa. Hilo halikuwa dharau, ila tabia ya nchi haikuruhusu: ziwa letu lipo kwenye mwinuko wa meta 1,134 tu na maji yake ya juu huwa na joto la nyuzi 24 na zaidi, na mito mingi ya Usukumani hukauka wakati wa kiangazi ikabaki mchanga na vidimbwi.

Lakini mito hiyo hiyo ilikuwa na samaki wake. Hapo ndipo nilipotaka kufika.

Ningu ni samaki wa ziwa letu na mito yake, hana nchi nyingine duniani. Ana mdomo wa chini wenye midomo minene, ambao kwa huo hukwangua uchafu wenye chakula juu ya mawe na matope. Huishi ziwani, lakini haoni raha ya kuzaa mpaka mvua inyeshe na mito ifurike. Masika hupanda, na vuli hupanda tena. Kwa hiyo katika miezi ile ile ambayo trauti wa Uskoti anapanda kijito chake chini ya majani yanayopukutika, ningu wetu alikuwa akipanda Simiyu, Mara na Kagera katika maji mekundu ya mafuriko, tumbo limejaa mayai, kwenda kutaga kwenye majani yaliyofunikwa na maji. Samaki wawili wasiojuana, desturi moja.

Wazee wetu walimngoja. Walijenga uzio wa miti kukatisha mto, wakaacha mianya, na katika mianya wakatega migono ya kusuka. Wajaluo wa mto Nzoia walikuwa mabingwa wa kazi hiyo. Samaki waliobaki walikaushwa kwa moshi. Uzio haukudumu: maji yakizidi huubomoa, na sehemu kubwa ya samaki hupita. Sisemi kwamba wazee walikuwa na sheria iliyoandikwa, ila mto wenyewe ulikuwa sheria.

Wenzangu tuliokaa bweni moja mtakumbuka jinsi mvua za kwanza zilivyokuwa zikitutoa darasani kwa mawazo. Jumamosi tulishuka kwenye majaruba ya mpunga na mbuga zilizofurika, tukakimbizana na kambare waliopanda kwa mwendo ule ule wa ningu. Mpishi hakuuliza walikotoka. Lakini ningu wenyewe walikuwa tayari haba, na mzee aliyetuonyesha mmoja alimshika kama mtu anayeonyesha fedha ya zamani.

Ni kitu gani kilitokea? Mwaka 1905, yaani mwaka ule ule wa trauti wa Gura, Mnorwe mmoja aitwaye Aarup alileta nyavu za makila za kitani katika ghuba ya Kavirondo. Nyavu zile zilivua ngege kuliko chombo chochote cha zamani, zikaenea ziwa zima. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Michael Graham alifanya uchunguzi wa ziwa, na kwa shauri lake kikawekwa kipimo cha tundu lisilopungua inchi 5. Sheria hiyo ilimlinda ngege kiasi fulani, na kwa bahati ilimsaidia ningu, ambaye ni mwembamba zaidi. Katika miaka ya 50 zikaja nyavu za nailoni, na kipimo kikaondolewa, kwanza Tanganyika na Uganda, baadaye Kenya. Wavuvi wakaingia na tundu dogo, wakazitandaza pale pale midomoni mwa mito, mvua zinapoanza. Ningu akakamatwa kabla hajataga. Uchunguzi uliofanywa mto Nzoia na kutolewa mwaka 1965 ulionyesha kwamba uvuvi wake umeporomoka, na ufundi wa kusuka migono ukaporomoka nao, maana nani atasuka mtego wa samaki asiyekuja?

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Sheria ya kumwacha samaki apande mto na kutaga kwa amani waliijua vizuri hao waliotutawala, kwani waliifuata kwao kila ifikapo tarehe 6 Oktoba. Trauti wa mchezo alijengewa kituo Kiganjo. Kituo cha kumwangua ningu wa chakula sijapata kukiona katika kumbukumbu zozote za wakati ule. Haki lazima isemwe: Malya, hapa hapa Usukumani, yalianzishwa mwaka 1949 majaribio ya kufuga samaki mabwawani, na Graham mwenyewe alionya kwamba samaki mla wenziwe asiletwe ziwani bila utafiti. Hakusikilizwa. Sangara alianza kutiwa katika miaka ya 50, na wataalamu wa Leiden waliokuwa wakihesabu furu katika ghuba ya Mwanza tangu mwaka 1977 walishuhudia kwa macho yao aina kwa aina zikitoweka katika miaka ya 80. Viwanda vya minofu vilitupa ajira, nami silidharau hilo, kwani wengi wetu tumesomesha watoto kwa sangara.

Ningu hajaisha. Amewekwa katika orodha ya samaki walio hatarini kabisa kutoweka, lakini bado yumo katika mito kadhaa, na Uganda watafiti wa Kajjansi wamefaulu kumtagisha kwa homoni na kumlea bwawani. Kijana wa kidato cha tatu anayependa baiolojia anaweza kwenda daraja la Simiyu, Magu, wiki ya pili ya mvua za Novemba, akaketi na wavuvi na kuangalia kilichomo katika ndoo zao. Akimwona samaki mwenye rangi ya kijivu iliyoelekea kijani, midomo minene chini ya pua, aandike tarehe, kimo cha maji na urefu wa samaki, na kama ni jike, kama ana mayai. Daftari la namna hiyo likiwekwa maktaba ya shule na kuendelezwa mvua hata mvua, mimi nitalinunua la kwanza.