Sanamu Isiyo na Miguu: Kuifasiri Upya Sanamu ya Uhuru ya Andy Warhol

Aghalabu sanaa ya pop husomwa kama tashtiti dhidi ya utamaduni wa biashara. Usomaji huo unaifaa mikebe ya supu ya Campbell's aliyoichora Andy Warhol mwaka 1962. Hautoshelezi, hata hivyo, tunapozitazama picha zake za Sanamu ya Uhuru za mwaka 1986, mwaka ambao sanamu hiyo ilitimiza karne moja katika bandari ya New York. Nembo ya biskuti za Fabis iliyomo katika baadhi ya picha hizo imewavutia watazamaji mno, hata swali la msingi likasahaulika: je, sehemu iliyobaki ya sanamu iko wapi?

Mwaka 1962 Warhol aliichapa sanamu hiyohiyo ikiwa na umbo lake zima, tena kwa kuirudiarudia. Mwaka 1986 anatupa uso na taji, kama alivyokuwa amemfanyia Marilyn Monroe. Kibao hakionekani, miguu haipo. Makala haya yanadai kuwa ukataji huo ndio kiini cha maudhui ya picha, na kwamba historia ya sanamu yenyewe inauunga mkono ufasiri huu.

Édouard de Laboulaye, Mfaransa anayehesabiwa kuwa mwasisi wa wazo la sanamu, alikuwa mpinzani wa utumwa. Katika kielelezo cha awali cha mchongaji Bartholdi, cha mwaka 1870 hivi, mkono wa kushoto ulishika mnyororo uliokatika. Baadaye mkono huo ulipewa kibao chenye tarehe ya 4 Julai 1776, nao mnyororo ukashushwa miguuni, chini ya pindo la vazi, mahali ambapo mgeni aliyesimama chini hauoni kwa urahisi. Kumbukumbu ya ukombozi wa watumwa iliipisha kumbukumbu ya kuzaliwa kwa dola. (Kabla ya hapo Bartholdi alikuwa amempendekezea Khedive Ismail wa Misri sanamu ya mwanamke mkulima mwenye mwenge, isimame penye Mfereji wa Suez. Uhakiki wa Kiafrika bado una kazi hapo.)

Maana ya kuwakaribisha wahamiaji ilikuja baadaye, hasa baada ya shairi la Emma Lazarus, lililotungwa mwaka 1883, kuwekwa ndani ya jengo mwaka 1903. Hata maana hiyo ilikuwa na ukinzani wake: mwaka 1924 sanamu ilitangazwa mnara wa taifa, na mwaka huohuo sheria ikawafungia mlango wengi kutoka Ulaya ya Mashariki. Mama yake Warhol alikuwa ameondoka kijiji cha Miková, katika Slovakia ya leo, mwaka 1921.

Yamkini msomaji atapinga kwamba Warhol alinakili tu picha ya mkebe wa biskuti, bila kuuwazia mnyororo. Na iwe hivyo. Hoja yetu haitegemei dhamira ya msanii. Mkebe nao ulikwisha kuikata sanamu shingoni, na hakuna mnunuzi aliyeona upungufu. Katika picha nyingine za mwaka huo Warhol aliufunika uso kwa mabaka ya sare za kijeshi. Mabaka hayo, ambayo kazi yake ni kuficha, hayauzuii uso kutambulika mara moja. Mnyororo hauna hata mabaka ya kuuficha, kwa kuwa umeachwa nje ya fremu.