Kinasa-Video cha Diski ya Nje

Istilahi kinasa-video cha diski ya nje inataja kifaa kidogo kinachofungwa juu au ubavuni mwa kamera ya video, kikapokea picha na sauti kwa waya na kuziandika papo hapo katika diski, badala ya kanda au kadi iliyomo ndani ya kamera yenyewe. Kila neno katika istilahi hiyo lina kazi yake, na mpiga video wa Gitega au Muyinga nchini Burundi anayelidondosha neno la kwanza, akaomba dukani “diski ya nje” tu, atapewa diski ya kompyuta, ambayo ikiunganishwa na kamera nyingi hukaa kimya kama jiwe.

Kitenzi -nasa asili yake ni mtegoni: mtego hunasa ndege, ulimbo hunasa mdudu, na kinachonaswa ni kile kilichokuwa kikipita na ambacho kisingerudi. Maana hiyo ilihamia kwenye kinasa sauti bila taabu, na kutoka hapo kinasa-video ni hatua moja tu. Kwa msomaji wa Burundi neno hili lina faida ya ziada, kwa kuwa Kirundi nacho hutumia gufata, yaani kushika au kukamata, kinapozungumzia kurekodi sauti na picha, hivyo taswira ya kukamata kinachopita imo tayari katika lugha ya nyumbani. Rekoda si kosa na linaeleweka, ila halimwelezi mgeni lolote. Kihifadhi ndilo la kukwepa, maana linachanganya kazi mbili: diski huhifadhi, kinasa hunasa. Kinasa ndicho chenye akili ya kusoma mawimbi yanayotoka kwenye kamera, kutii kitufe cha kuanza na kusimamisha, kulipa faili jina na kulifunga. Diski iliyomo ndani yake ni ghala tu.

Kuhusu ghala hilo, Kiswahili hakijatulia. Wapo wanaosema diski kuu, neno linalofaa ndani ya kompyuta ambamo diski moja hutawala nyingine, lakini linalochekesha kidogo likitajwa kwa diski inayobebwa mfukoni. Wapo wanaosema diski ngumu, tafsiri inayolingana neno kwa neno na ile ya Kifaransa iliyozoeleka Burundi, ingawa ugumu unaotajwa ni wa bamba la alumini au kioo kulinganisha na diski laini za zamani, ambazo kijana wa leo hajawahi kuziona. Kwa kuwa kinyume chake kimetoweka, neno diski peke yake linatosha, na pale inapobidi kutofautisha, kinachofaa kutajwa ni kama diski inazunguka au haizunguki, jambo ambalo, kama itakavyoonekana, kwa mpiga video wa Gitega lina uzito kuliko ugumu.

Haja ya kifaa hiki ilizaliwa na kanda. Mfumo wa video ya kidijitali ulioanza kuuzwa mwaka 1995 uliandika takribani megabiti 25 kwa sekunde katika kanda ndogo ya dakika 60, na saa moja ya picha hizo huchukua karibu gigabaiti 13. Dakika 60 ni chache mno kwa sherehe za huku. Katika gusaba, pale wasemaji wa pande mbili wanapoposa kwa mafumbo na majibu, au katika maulidi yanayosomwa na Waislamu wa Muyinga hadi usiku wa manane, kanda ilikwisha katikati ya neno, na wakati mpiga video akibadilisha, jibu ambalo ukumbi mzima ulilicheka lilipotea. Kisha ilimlazimu kukaa saa nzima ili kuhamisha kila saa moja ya kanda kwenye kompyuta. Kinasa cha diski kiliondoa adha zote mbili: FireStore FS-4 ya gigabaiti 40 ilinasa saa tatu mfululizo kupitia waya wa FireWire, na Sony HVR-DR60 ya gigabaiti 60 ilifika saa nne na nusu, huku kanda ikiendelea kuzunguka ndani ya kamera kama nakala ya akiba. Mafaili yalikuwa tayari kuhaririwa mara sherehe ilipokwisha.

Vinasa vya aina hiyo bado vinapatikana vikiwa vimetumika, na anayevinunua azingatie jambo moja lisiloonekana kwa nje. Diski nyingi za wakati huo zilipangwa kwa mfumo wa FAT32, usioruhusu faili moja kufika gigabaiti 4, kwa hiyo kinasa hukata picha kila baada ya karibu dakika 20 na kuanza faili jipya. Kinasa kizuri huunga vipande hivyo bila kupoteza hata fremu moja, yaani picha moja kati ya zile 25 zinazounda sekunde. Kibaya huacha pengo, na pengo hilo husikika kwenye sauti kabla ya kuonekana.

Kamera za sasa hazina tundu la FireWire, bali hutoa picha kwa HDMI, na kizazi cha vinasa kama Ninja ya kampuni ya Atomos ya mwaka 2011 hupokea picha hizo na kuziandika zikiwa hazijabanwa sana. Ubora huo una gharama yake: kwa kiwango cha ProRes 422 HQ, picha za upana wa nukta 1920 kwa fremu 25 hula karibu gigabaiti 83 kwa saa, kwa hiyo diski ya terabaiti moja, inayoonekana kubwa dukani, hubeba saa 12 tu. Ni lazima pia kamera iweze kutoa picha safi, yaani isiyo na maandishi ya betri na muda yanayoonekana kwenye kioo chake, la sivyo kinasa kitayanasa yote na bibi harusi ataolewa chini ya alama ya betri. Kamera chache mpya, kama Blackmagic Pocket Cinema Camera 4K ya mwaka 2018, huandika moja kwa moja kwenye diski ya kawaida kupitia USB-C. Hizo hazipingani na istilahi, kwani kinasa kimo ndani na kilicho nje ni diski peke yake.

Linabaki suala la kuzunguka. Ndani ya diski inayozunguka, kichwa cha kusomea huelea juu ya bamba kwa unene wa hewa usioonekana kwa jicho. Kwa kuwa kinategemea hewa, watengenezaji wengi huweka kikomo cha mwinuko wa karibu mita 3,000, na hapo Burundi imesalimika, kwani Gitega iko kwenye mita 1,500 hivi na hata mlima Heha, mrefu kuliko yote nchini, haufiki mita 2,700. Hatari ni mtikisiko. Mwaka 2008 mhandisi Brendan Gregg wa Sun Microsystems alizipigia kelele diski za seva kwa mdomo wake tu, na kipimo kikaonyesha zikichelewa kuandika. Sasa ifikiriwe Gishora, kilomita chache kutoka Gitega mjini, ambako ngoma za kifalme zilizoingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi mwaka 2014 hupigwa zikiwa dazeni hivi, daima kwa idadi ya witiri, katika nusu duara kuizunguka ngoma ya katikati. Anayesimama karibu huisikia kifuani kabla ya masikioni, na diski inayozunguka nayo huisikia. Kwa kazi ya namna hiyo diski isiyozunguka, inayoandika kwenye chipu, si anasa, hata kama bei yake kwa gigabaiti ni kubwa zaidi.

Umeme nao una neno lake. Kinasa kinachozimika ghafla huacha faili ambalo halikufungwa, picha zikiwa zote zimo lakini bila faharasa ya kuzisomea, kwa hiyo kifaa kisicho na betri yake hakifai, hata kikiwa rahisi kiasi gani.

Bidhaa nyingi zinazofika Muyinga hutoka Dar es Salaam kwa barabara kupitia mpaka wa Kabanga na Kobero, na kurudisha kifaa kibovu njia hiyo hiyo ni shughuli ya siku kadhaa. Kwa hiyo mnunuzi aende na kamera yake na waya wake, na kabla ya kutoa pesa amwombe muuzaji amwache anase dakika 25 bila kusimamisha, kisha asikilize dakika ya 20.