Baiskeli ya changarawe kwa gharama nafuu

MJI mdogo wa Laela, mkoani Rukwa, upo kando ya barabara kuu ya Tunduma–Sumbawanga, iliyojengwa kwa kiwango cha lami kwa msaada wa Marekani chini ya mkataba wa Changamoto za Milenia (MCC) uliotiwa saini mwaka 2008. Hata hivyo, anayeiacha lami hiyo kuelekea mashambani hukutana na udongo, changarawe na mifereji inayochimbwa na mvua. Mwendesha baiskeli wa huko anahitaji chombo kinachofaa kote kuwili.

Ughaibuni chombo cha namna hiyo huitwa baiskeli ya changarawe, na kimezaa mchezo wake. Mwaka 2021 mbio za Migration Gravel Race zilifanyika kwa mara ya kwanza katika eneo la Maasai Mara, nchini Kenya, na mwaka uliofuata Italia ikaandaa mashindano ya kwanza ya dunia. Baiskeli mpya za wanamichezo hao huuzwa kwa mamilioni ya shilingi. Lakini sifa zake za msingi ni chache: tairi pana la milimita 40 hadi 50, gia nyepesi, breki za kuaminika na mahali pa kufunga mzigo. Zote hupatikana katika baiskeli ya milimani ya mtumba ya miaka ya 1990, ilimradi haina springi mbele.

Kwa nini si Phoenix?

Phoenix ni imara, na hakuna fundi asiyeijua. Kasoro yake ya kwanza ni gia moja. Yenye meno 48 mbele na 18 nyuma husogea takriban mita sita kila pedali inapozunguka mara moja. Hiyo ni nzito mno kwa mlima wenye changarawe. Baiskeli ya milimani yenye meno 28 mbele na 28 nyuma husogea kama mita mbili tu, na mwendeshaji hupanda akiwa ameketi.

Kasoro ya pili ndiyo ya hatari. Breki za fimbo hubana rimu ya chuma, na chuma kilicholowa huteleza. Uwanda wa Ufipa hufikia mita 1,800 na zaidi juu ya usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa lipo takriban mita 800. Anayeteremka Lyamba lya Mfipa na gunia la mahindi nyuma hana muda wa kusubiri rimu ikauke. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi wakati wa mvua.

Kuchagua fremu

Nenda sokoni na sumaku na uzi. Sumaku ikinasa, fremu ni ya chuma, na ikivunjika fundi wa kuchomelea wa mji wowote anaweza kuiunga. Alumini inahitaji mitambo na utaalamu ambao si rahisi kuupata vijijini. (Wafipa, ambao mababu zao waliyeyusha chuma katika tanuru ndefu za udongo, hawahitaji kufundishwa thamani yake.) Kisha funga uzi kutoka mahali pa ekseli ya nyuma, uzungushe mbele ya shingo ya fremu, uurudishe upande wa pili. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti ukitofautiana kushoto na kulia, fremu imepinda. Iache, hata muuzaji akipunguza bei.

Mahali pa kutumia fedha

Fedha nyingi ziende kwenye magurudumu. Gurudumu la nyuma liwe na spoki 36, kwa kuwa ndilo linalobeba mzigo. Tairi liwe la 26 x 1.95, lenye namba 559 ubavuni. Wengi hudanganyika hapa: tairi la 26 x 1 3/8 nalo huitwa la ishirini na sita, lakini ni la rimu ya milimita 590 na halitaingia. La Phoenix ni 635.

Cheni na friwili zibadilishwe pamoja, maana cheni mpya juu ya meno yaliyolika huruka. Gololi na grisi za ekseli ni gharama ndogo. Badilisha zote bila kuuliza.

Usukani uliopinda chini kama wa baiskeli za mashindano unavutia, lakini vishikio vyake vya breki huvuta waya mfupi kuliko unaohitajiwa na breki za V zilizo kwenye baiskeli nyingi za milimani. Breki zitakuwa dhaifu. Kwa matumizi ya kila siku, baki na usukani ulionyooka.

Mwisho fungwa keria ya chuma, madigadi, kengele na taa. Baada ya safari chache za mwanzo, rudisha magurudumu kwa fundi akaze spoki upya, kwani gurudumu lililosukwa karibuni hulegea.