Mchunguzi Mwenye Siasa: Tuhuma za Upendeleo katika Uchunguzi wa Kibunge Tanzania, 2008–2015

Utangulizi

Kati ya Februari 2008 na Desemba 2014, wabunge watatu wa Mkoa wa Kagera walipoteza uwaziri baada ya ripoti za uchunguzi kusomwa bungeni Dodoma. Nazir Karamagi wa Bukoba Vijijini aliondoka na sakata la Richmond. Khamis Kagasheki wa Bukoba Mjini alijiuzulu kwa sababu ya Operesheni Tokomeza. Anna Tibaijuka wa Muleba Kusini alitenguliwa uteuzi wake kutokana na fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Msomaji aliyeko Isingiro, wilayani Kyerwa, akiyaweka majina hayo matatu katika mstari mmoja, anaweza kuhitimisha kwamba mkoa wake uliandamwa.

Hitimisho hilo halisimami. Karamagi alianguka siku moja na Waziri Mkuu Edward Lowassa na Ibrahim Msabaha. Kagasheki aliondoka pamoja na Emmanuel Nchimbi, Shamsi Vuai Nahodha na Mathayo David Mathayo. Kabla ya Tibaijuka, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, Frederick Werema, alikuwa ameshajiuzulu. Hakuna mkoa unaowaunganisha watu hao. Hata hivyo, shaka inayomsukuma msomaji wetu ni halali: mwananchi atajuaje kwamba ripoti iliyomwangusha kiongozi imesukwa kwa ushahidi, si kwa uhasama wa kisiasa?

Makala haya yanadai kwamba swali hilo limekuwa likijibiwa vibaya na pande zote mbili. Anayetuhumiwa hutaja siasa za mchunguzi kana kwamba zinafuta ushahidi. Anayemshangilia mchunguzi hutaja ushahidi kana kwamba unafuta siasa. Katika nchi ambayo wachunguzi wakuu wa Serikali ni wabunge au wateule wa Rais, mchunguzi asiye na upande hapatikani. Kinachoweza kupatikana ni utaratibu unaomfunga mchunguzi mwenye upande asiweze kuugeuza upande wake kuwa hukumu.

Richmond: ripoti nzito, utaratibu mwepesi

Mwaka 2006, nchi ikiwa gizani kwa ukame uliokausha mabwawa, shirika la umeme la taifa, Tanesco, lilisaini mkataba wa umeme wa dharura wa megawati 100 na kampuni ya Richmond. Kampuni haikuwa na uwezo, na mkataba ukahamia kwa kampuni ya Dowans. Mwaka 2007 taasisi ya kupambana na rushwa, Takukuru, ilichunguza na kusema haikuona rushwa. Novemba mwaka huo Bunge likaunda kamati teule chini ya Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela. Ripoti iliwasilishwa tarehe 6 Februari 2008. Kesho yake Lowassa akajiuzulu.

Kwa muundo wake, kamati ile haikuwa ya upande mmoja. Wajumbe wake watano walitoka sehemu mbalimbali za nchi, na mmoja wao, Mohamed Habib Mnyaa, alikuwa wa chama cha upinzani cha CUF kutoka Pemba. Lakini ripoti yake iliwasilishwa katika Bunge lililoongozwa na Spika Samuel Sitta, wakati chama tawala, CCM, chenyewe kikiwa kimegawanyika makundi ambayo yangeendelea kupigania madaraka hadi 2015, mwaka ambao Sitta na Lowassa wote walitaka urais. Lowassa aliliambia Bunge kwamba kamati haikumwita kumhoji, na kwamba kilicholengwa hasa ni kiti cha uwaziri mkuu.

Malalamiko hayo mawili yana uzito tofauti, na hapa ndipo mjadala wa Richmond ulipopotea. La pili linahusu nia ya wachunguzi, nayo nia haithibitishwi wala kukanushwa kwa urahisi. La kwanza linahusu utaratibu, na lina jibu la ndiyo au hapana. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake vinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Mtu anaweza kujibu kwamba kamati ya Bunge haihukumu, inapendekeza tu, na kwamba nyaraka zilijitosheleza. Jibu hilo ni dhaifu. Pendekezo linalomwondoa Waziri Mkuu ndani ya saa 24 ni uamuzi kwa kila maana isipokuwa jina. Tena Ibara ya 100 inalinda yanayosemwa bungeni yasihojiwe mahakamani. Aliyetajwa vibaya katika ripoti hana pengine pa kwenda kujitetea. Haki ya kusikilizwa isipotolewa na kamati yenyewe, haitolewi kabisa.

Udhaifu wa pili ni kauli ya Mwakyembe mwenyewe kwamba kamati iliacha baadhi ya mambo ili kulinda heshima ya Serikali. Huenda nia ilikuwa njema. Lakini mchunguzi anapochagua kipi umma ukijue na kipi ufichwe, kwa kupima madhara ya kisiasa, ameshaacha uchunguzi na kuingia katika utawala. Kauli hiyo iliwapa wapinzani wa ripoti silaha ambayo hakuna hoja ya kisheria ingeweza kuwapa.

Yaliyofuata yalionesha uzito wa udhaifu huo wa utaratibu. Dowans ilikwenda katika usuluhishi wa kimataifa, na Novemba 2010 Tanesco ikaamriwa kulipa zaidi ya dola milioni 65 za Marekani kwa kuvunja mkataba. Haitakuwa haki kusema kwamba hasara hiyo ilisababishwa na upendeleo wa kamati. Inaonesha jambo jingine: matokeo ya kisiasa yanayotosha kumwangusha kiongozi Dodoma si lazima yatoshe mbele ya baraza linalodai ushahidi uliopimwa kwa maswali ya upande wa pili.

Mwaka 2015 ulikamilisha somo. Chama cha upinzani cha Chadema, ambacho mwaka 2007 kilimtaja Lowassa katika orodha ya mafisadi pale Mwembeyanga, Dar es Salaam, kilimpokea na kumfanya mgombea urais. CCM, ambayo ilikuwa imebaki naye miaka saba baada ya ripoti, ikaanza kumkumbusha Richmond. Ushahidi haukuongezeka wala kupungua. Kilichobadilika ni kambi tu. Pale ambapo ukweli wa ripoti unahama na mtu anayehama chama, ni wazi kwamba ripoti haikuwahi kufikishwa mahali pa kuthibitishwa.

Tokomeza na Escrow: Bunge likilaani, Ikulu ikisafisha

Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili ilianza Oktoba 2013 na kusitishwa baada ya malalamiko ya mauaji, mateso na uporaji wa mifugo. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na James Lembeli wa CCM iliwasilisha ripoti tarehe 20 Desemba 2013, na siku hiyohiyo mawaziri wanne wakaondoka. Baadaye Rais Jakaya Kikwete aliunda tume ya kimahakama chini ya Jaji mstaafu Hamisi Msumi. Aprili 2015 Ikulu ilitangaza kwamba mawaziri hao hawakuonekana kuhusika na ukatili ule.

Mtu anaweza kusoma mfululizo huo kwa njia mbili: ama Bunge lilikuwa na jazba na Jaji akarekebisha, ama Serikali ilijichunguza na kujisafisha. Njia zote mbili zinakosea kwa sababu maswali yaliyoulizwa hayakuwa mamoja. Bunge liliuliza nani awajibike kisiasa kwa operesheni iliyoua. Waziri anaweza kuwajibika kwa hilo bila kushika bunduki. Tume iliuliza nani alitenda kosa. Majibu mawili tofauti si ushahidi wa upendeleo iwapo hadidu za rejea zilikuwa tofauti. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewaeleza wananchi tofauti hiyo.

Sakata la Escrow, lililohusu fedha zilizotolewa katika akaunti iliyotunza malipo ya umeme yenye mgogoro, ni mfano bora zaidi wa namna upendeleo unavyoweza kudhibitiwa kwa muundo. Kamati ya Hesabu za Serikali, kwa desturi ya Bunge letu, huongozwa na upinzani. Mwenyekiti wake mwaka 2014 alikuwa Zitto Kabwe, na makamu wake Deo Filikunjombe wa CCM. Hakuna aliyeweza kudai kwamba upande wa mwenyekiti ulikuwa siri. Kwa kuwa upande huo ulijulikana, kamati ilibidi iegemee kazi ya watu wengine: ukaguzi maalumu wa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, uchunguzi wa Takukuru, na kumbukumbu za benki. Hoja zikahama kutoka kwa mtu kwenda kwenye miamala. Tibaijuka hakukana kupokea shilingi bilioni 1.6 kutoka kwa mfanyabiashara James Rugemalira, aliyenufaika na fedha hizo. Alieleza kwamba zilikuwa mchango kwa shule. Mjadala ukawa juu ya maana ya fedha zilizothibitika kupokewa, na huo ndio mjadala unaostahili kufanyika.

Hata hapa, hata hivyo, Ikulu ilikuja na tafsiri yake. Tarehe 22 Desemba 2014 Rais Kikwete alimwondoa Tibaijuka, lakini akaeleza kwamba fedha za Escrow hazikuwa za umma, kinyume na msimamo wa kamati. Hivyo taifa likabaki na tafsiri mbili, ya Bunge na ya Ikulu, bila chombo cha kuamua kati yao.

Je, tutafute wasio na siasa?

Pingamizi la kawaida ni kwamba wabunge wasichunguze. Kazi hiyo waachiwe wataalamu. Kuwapelekea wanasiasa kesi ya wanasiasa, husemwa, ni kesi ya nyani kuamuliwa na ngedere. Lakini mtaalamu naye ana mwajiri. Mkurugenzi Mkuu wa Takukuru huteuliwa na Rais, na makosa mengi chini ya sheria ya rushwa ya 2007 hayafikishwi mahakamani bila ridhaa ya Mkurugenzi wa Mashtaka, ambaye pia ni mteule wa Rais. Takukuru ilipoisafisha Richmond mwaka 2007, tuhuma ya upendeleo iliielekea yenyewe.

Kenya ilijaribu njia ya watu wenye heshima, na ikajikwaa. Bethuel Kiplagat, mwanadiplomasia mzoefu, aliteuliwa mwaka 2009 kuongoza Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano. Miongoni mwa mambo ambayo tume ilitakiwa kuchunguza ni mauaji ya Wagalla ya Februari 1984, na yeye mwenyewe alikuwa amehudhuria kikao cha maofisa wa usalama Wajir siku chache kabla ya mauaji. Alikaa pembeni Novemba 2010, akarudi 2012, na tume ikapoteza muda na imani ya waathirika. Heshima yake haikuwa suala. Kilichokosekana ni kanuni ya kumwondoa mapema yeyote anayeweza kuwa shahidi katika jambo analolichunguza.

Marekani inatoa somo la tatu. Mpelelezi wa FBI Peter Strzok aliondolewa mwaka 2017 katika timu ya mchunguzi maalumu Robert Mueller baada ya kugundulika ujumbe wake wa simu wa kumkashifu Donald Trump. Desemba 2019 Mkaguzi Mkuu wa Wizara ya Sheria, Michael Horowitz, alieleza kwamba hakuona ushahidi kuwa upendeleo wa kisiasa ndio uliofungua uchunguzi wa uhusiano wa kampeni ya Trump na Urusi. Lakini alibaini makosa na mapungufu 17 makubwa katika maombi ya kibali cha kumfuatilia Carter Page, aliyekuwa mshauri wa kampeni hiyo. Kila kambi ilichukua nusu ya ripoti iliyoipendeza. Kilichostahili kuzingatiwa ni mbinu ya Horowitz: hakujaribu kufungua mioyo ya wapelelezi, alifungua majalada yao.

Kutoka Dodoma hadi Kyerwa

Suala hili si la mawaziri peke yao. Septemba 2013, Operesheni Kimbunga dhidi ya wahamiaji haramu ilipita Karagwe, Kyerwa na wilaya nyingine za mpakani, na zikasikika lawama kwamba hata raia walisombwa. Katika vijiji vya mpakani ambako familia zina ndugu ng'ambo ya Mto Kagera, anayesema nani ni mgeni ni jirani, naye jirani anaweza kuwa na ugomvi wa shamba au wa malisho. Waziri aliyenyimwa nafasi ya kusikilizwa ana magazeti ya kumtetea. Mfugaji wa Isingiro hana hata hayo. Ndiyo maana utaratibu unaoonekana kuwa anasa ya wakubwa ni kinga ya kwanza ya wadogo.

Hitimisho

Kanuni za Bunge zinapaswa kudai mambo manne kabla ripoti yoyote haijasomwa. Kila mjumbe atangaze kwa maandishi maslahi na uhusiano wake na wanaochunguzwa. Kila atakayetajwa vibaya aitwe, na majibu yake yachapishwe ndani ya ripoti. Ushahidi wote uambatishwe, isipokuwa ule unaozuiwa na sheria iliyotajwa wazi. Na ripoti itenganishe uwajibikaji wa kisiasa na tuhuma za jinai, ili anayesoma ajue kiongozi ameangushwa kwa lipi. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji kubadili Katiba. Yanahitaji tu kurekebisha kanuni ambazo Bunge hujitungia lenyewe. Bunge likikataa kuzirekebisha, halitakuwa na haki ya kulalamika kila ripoti yake inapopachikwa jina la uhasama.