Yabisi, Kimiminika na Gesi: Istilahi Tatu na Mtoto wa Shule ya Msingi

Kiswahili kilipofanywa lugha ya kufundishia masomo yote ya shule za msingi nchini Tanzania, mnamo 1967, mwalimu wa sayansi alitakiwa kuzieleza hali tatu za maada kwa lugha ambayo istilahi zake za sayansi zilikuwa bado kusanifiwa. Baraza la Kiswahili la Taifa liliundwa mwaka huo huo, lakini Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kazi ya Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, ilitoka 1990. Katika miaka hiyo 23 watoto hawakungoja.

Mjadala wa istilahi ulielekea mno kwenye asili ya neno: je, tutohoe Kiingereza, tukope Kiarabu, au tuchimbue Kibantu? Swali hilo lina uzito wake, ila naona liliwahusu wataalamu kuliko mtoto. Mtoto haijui nasaba ya neno. Aijua kazi ambayo neno hilo limekwisha kuifanya nyumbani kwao.

Tuchukue kimiminika. Kwa kipimo cha asili halina dosari, maana limezaliwa na kitenzi mimina. Lakini mchele nao humiminika, na mchanga mkavu, na unga. Tena vyote hufuata umbo la chombo, sifa ileile itajwayo vitabuni. Mtoto auwekaye mchanga katika kundi la vimiminika hakukosea Kiswahili, bali amekifuata. Hapo mwalimu hana budi kumwonyesha punje moja, isiyobadili umbo lake popote iwekwapo. Yabisi nalo, kwa Kiarabu, ni kavu, na wengi wetu tumelisikia kwanza katika baridi yabisi, maradhi ya viungo. Kisha mtoto hushikishwa barafu ichuruzikayo maji, akaambiwa kwamba hiyo ni yabisi.

Tatizo kubwa zaidi limo katika kitenzi kuyeyuka. Samli iliyoganda huyeyuka juani. Sukari huyeyuka katika chai. Jambo la kwanza lahitaji joto na kitu kimoja tu. La pili lahitaji vitu viwili, hata chai ikiwa baridi. Lugha ya kila siku hairidhiki tu kuyaita kwa jina moja: istilahi myeyusho, iliyojengwa juu ya mzizi uo huo, imelikaza fundo.

Gesi ndilo neno geni kuliko yote, na ugeni huo si wetu peke yetu: lilibuniwa na Jan Baptista van Helmont katika karne ya 17, kutokana na neno la Kiyunani. Mnamo 1967, vijijini ambako watu walipikia kuni, neno hilo liliingia darasani mikono mitupu, na mwalimu akaweza kulipa maana aliyoitaka. Siku hizi gesi ni mtungi ulioko jikoni. Mwanafunzi akiambiwa kwamba hewa anayoivuta ni mchanganyiko wa gesi, hufikiria kwanza kiberiti.